Mama wa Kwenye Bango

Bango lilipandishwa Jumapili, kiwanda kikiwa kimelala, kwa hiyo Jumatatu asubuhi Mama Pacha alifika kazini akajikuta anajitazama mwenyewe juu ya geti, mkubwa kuliko lori. Alikuwa amekaa kwenye foklifti, ile mashine ya kubebea mizigo ghalani, amevaa ovaroli ya bluu na kofia ngumu ya njano, meno yote nje. Chini yake kulikuwa na maneno marefu kuliko uzio: HAPA KILA MTU ANA NAFASI YAKE.

"Hee!" alisema, akashika kiuno. "Kumbe pengo langu linaonekana hivi!"

Mlinzi wa getini alikuwa akimpekua mkoba kila jioni kwa miaka minne, kama vile mle ndani kuna kiwanda kizima. Siku hiyo alimpigia saluti. "Pita, dereva."

"Dereva wa nini? Wa dekio?" Mama Pacha akamjibu, akazunguka kwenda mlango wa nyuma, maana wafagizi hawakuruhusiwa kupita wa mbele hata wakiwa wametundikwa juu yake.

Ukweli ni kwamba Mama Pacha hajawahi kuendesha hata baiskeli. Wiki tano kabla ya hapo alikuwa anapiga deki ukumbi wa wageni alipokuja mpiga picha, katumwa na makao makuu, mkononi ana orodha ya watu anaowataka: mzee mmoja, kijana mmoja, mlemavu mmoja, na mwanamke anayefanya kazi ya kiume. Mzee alipatikana na kijana alipatikana. Kwa mlemavu walimtumia mhasibu aliyeteguka mguu kwenye mpira, maana alikuwa bado na gongo. Mwanamke ndiye aliyewashinda. Ghalani walikuwa wanaume watupu, mlango hadi mlango. Meneja aliangaza huku na huku, jicho likamwangukia mama mwenye ndoo.

"Wewe mama, una sura ya furaha. Njoo."

Wakamvalisha, wakampandisha, wakamwambia ashike usukani acheke. Akacheka kweli, kwa sababu dereva mwenyewe wa ile mashine, kijana waliyemwita Breki kwa kuwa hakuzitumia, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti amemshika mkanda wa suruali asianguke. Walimwambia picha ni ya kumbukumbu za ofisi. Baada ya dakika kumi walichukua ovaroli yao, naye akarudi kwenye ndoo.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, tawi la kampuni kubwa yenye viwanda nchi thelathini na kitu. Lakini Mama Pacha hakuwa wa kampuni. Alikuwa wa wakala wa usafi. Sare yake ilikuwa ya kijivu, mchana alikula chakula chake kwenye ngazi za nyuma wakati wenye bluu wako kantini, na akibanwa alivuka uzio hadi choo cha walinzi, ingawa vyoo kumi na kimoja vya ndani alikuwa akivisugua yeye kwa mikono yake. Kiunoni alining'iniza funguo kumi na saba. Milango yote ya kiwanda ilimfungukia aingie kufanya kazi, kisha atoke.

*

Mumewe alikuwa kinyozi, kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba, na kinyozi asiyejua kutia chumvi bado hajazaliwa. Mama Pacha aliporudi jioni ile alimkuta na mteja kichwa nusu, wembe uko hewani.

"Ule mtambo unainua tani tatu," Kinyozi alikuwa akisema. "Tatu! Mke wangu anauendesha kwa kidole. Akitaka."

"Na zamani ulisema anafagia."

"Anafagia akipumzika."

"Akili ni nywele," mteja akasema, akijitazama kwenye kioo. "Zako naona ulishazinyoa."

Mama Pacha alimvuta mumewe pembeni. "Baba Pacha, unadanganya watu."

"Mimi? Mimi nimewaambia waende wakatazame bango. Kama bango linadanganya, si mimi niliyelichora."

Ndani, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa amekaa kitandani amenyoosha miguu. Magoti yake yalikuwa yamevimba mwaka mzima. "Mwanangu, wajukuu wameniambia," alisema kwa furaha. "Siku ukipata nafasi, pita na hiyo mashine hapa unisogezee hili kabati. Tangu marehemu aliweke hapo halijawahi kutikisika, na nyuma yake kuna pete yangu."

Mabinti pacha wa miaka minane walikuwa wameshachora bango lote kwenye daftari la hesabu, pengo na kila kitu. Nyumba ilikuwa na shangwe. Aliyekosekana kwenye shangwe hiyo alikuwa mmoja tu, naye aliingia kwa mlango wa uani, viatu vimelowa maji.

Huyo alikuwa dada wa Kinyozi, wifi yake Mama Pacha, na kila mtu alimwita Chuma. Chuma aliendesha foklifti miaka saba kwenye ghala la saruji. Alikuwa na cheti chake na leseni yake. Ghala lilipofungwa akaanza kuosha magari, na ndiyo kazi aliyokuwa nayo mpaka leo. Watu wengine wakikasirika hupiga kelele. Chuma akikasirika huwa makini.

"Nimeliona," alisema. "Wifi, mkono wako umeshika kishikio cha kuinamisha, si cha kuinua. Mkanda hukufunga. Meno ya mashine yako juu na hakuna mzigo, mtu anapita chini yake. Na nyuma ya kiti kuna kisogo cha mwanamume."

Pacha waliangua kicheko. Chuma hakucheka. Alichukua sahani yake akaenda kula uani, na kuanzia hapo alizungumza na wifi yake kupitia watoto: "Mwambieni mama yenu naomba chumvi." "Mwambieni mama yenu ahsante."

Iliuma. Pacha walipozaliwa walikuwa njiti, wadogo kama mikate, na daktari alisema kila mmoja abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Mama alikuwa na kifua kimoja. Wa pili alibebwa na Chuma, wiki sita, mpaka alipofika uzito wa kulazwa kitandani peke yake. Mtu wa namna hiyo akikuomba chumvi kupitia mtoto, hata chakula chenyewe hukosa ladha.

*

Jumanne asubuhi Meneja alimwita ofisini. Ofisi ile Mama Pacha aliijua kuliko mwenyewe: alijua peremende ziko droo gani, na kwamba ua la kwenye kona ni la plastiki ingawa katibu alilimwagia maji kila Ijumaa. Kukaa kwenye kiti cha wageni ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Nyapara wa wakala wa usafi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama yetu," alianza Meneja. "Alhamisi tuna mgeni kutoka makao makuu. Mkubwa hasa. Kazi yake ni kupita matawi yote kuona kama tunaajiri watu wa kila aina na kama tunafuata maadili. Ameliona bango lako. Amefurahi mno. Anataka akuone unaendesha."

"Si mngemwambia tu kwamba siendeshi?"

Meneja alicheka kama mtu anayeumwa jino. "Mita tano tu. Mbele tano, nyuma tano, unapunga mkono, basi. Breki atakufundisha leo na kesho. Na Ijumaa..." Alisogeza karatasi mezani. "Ijumaa unakuwa mtu wa kampuni. Ajira ya kudumu. Kantini. Kadi ya matibabu, wewe, mume, watoto na mzazi mmoja."

Hapo alimgusa penyewe. Kule hospitali walikuwa wakimuuliza Bibi kadi kabla hawajamuuliza goti. Mama Pacha aliitazama ile karatasi. Jina lake lilikuwa limeshachapwa, tena bila kukosewa.

"Na nikikataa?"

Meneja alimtazama Nyapara, Nyapara akatazama ua la plastiki. "Wakala ana vituo vingi," akasema Meneja. "Watakutafutia kingine, huko mbali. Sasa mama, usimwage mtama penye kuku wengi. Hili ni letu sisi watatu."

"Watatu na bango," alisema Mama Pacha.

Mchana wake alianza masomo. Breki alikuwa mwalimu mpole, ila alifundishia mbali, nyuma ya nguzo. "Kanyaga taratibu!" alipiga kelele. "Taratibu, mama, taratibu!" Mama Pacha alikanyaga akitegemea kwenda mbele, mashine ikaenda nyuma, ikagonga kona ya mlima wa makasha. Makasha arobaini ya sabuni ya waridi yakashuka kama wageni wa harusi waliosikia chakula tayari. Hakuna aliyeumia. Ghala likanukia mpaka jioni, na Mama Pacha akateremka akachukua ufagio, akasafisha alichokimwaga. Sehemu hiyo ya somo alifaulu.

*

Nyumbani alimsimulia mumewe kwa sauti ya chini, lakini uani na sebuleni palitenganishwa na pazia tu.

"Uliingiza gia ya nyuma?" sauti ikauliza kutoka uani.

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya moja kwa moja tangu jana yake, na kwa watu waliozoea kusema siku nzima, siku moja ni mwezi.

"Nilidhani ni ya mbele, wifi."

"Meno yalikuwa juu au chini?"

"Juu. Kama kwenye bango."

Chuma alifunua pazia, sahani mkononi. Halafu kicheko kikamponyoka, kile cha tumboni, mpaka akashika mlango. "Wataua mtu hawa," alisema akijifuta macho. "Haki ya nani, wataua mtu. Kaa hapa."

Alimkalisha kwenye stuli katikati ya sebule. Akampa kifuniko cha sufuria kuwa usukani, miiko miwili kuwa vishikio, ndala mbili chini kuwa pedali. Pacha walikuwa mzigo, wamekaa kwenye sinia. Kinyozi aliambiwa awe rafu ya juu, akasimama amenyoosha mikono. Mkanda wa khanga ulifungwa kiunoni kwa Mama Pacha mpaka akakohoa.

"Na mimi ni nani?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Wewe ni mtu anayekatiza, mama."

"Nikatize nimebeba nini?"

"Usibebe kitu. Katiza tu bila kutazama, kama watu wa ghalani."

Bibi alikatiza na fimbo yake, akifurahia kila hatua, na mara mbili Mama Pacha "alimgonga". Mara ya tatu Chuma aliweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria.

"Sikiliza, wifi. Kuwasha kila mtu anaweza. Kabla hujawasha, geuza shingo, kulia, kushoto, nyuma, ujiulize: hapa nani atagongwa? Mashine haina macho. Macho ni yako. Ukishamjua nani atagongwa na bado ukawasha, basi hiyo si ajali tena."

Waliporudisha miiko jikoni, Mama Pacha alishindwa kuvumilia. "Mbona unanifundisha? Si umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia, ndiyo. Lakini sitaki wanangu wazike mama." Chuma alikuwa anaosha kifuniko ambacho hakikuwa kichafu. "Mara tatu nimeomba kazi pale, wifi. Mwaka juzi, mwaka jana, na mwaka huu. Sikumwambia kaka, angewatangazia wateja. Wakanikataa mara zote tatu, nikasema sawa, kazi ni bahati. Halafu asubuhi napita getini kwao, namwona nani juu ya mashine? Mtu asiyejua breki ni ipi."

"Walikukatalia nini, na cheti unacho?"

Chuma aliingia chumbani akatoka na barua tatu. Zote zilikuwa barua moja, kilichobadilika ni tarehe. Kampuni ilithamini sana ombi lake. Kampuni ilijivunia kutoa nafasi kwa watu wote. Hata hivyo, kwa kuwa ghala halikuwa na choo cha wanawake, isingewezekana kumpangia kazi humo.

Mama Pacha aliisoma ya kwanza, akaisoma ya pili. Kwenye ya tatu mkono wake ulienda wenyewe kiunoni, kwenye funguo. Ufunguo wa kumi na saba ulikuwa umefungwa uzi mwekundu. Ulikuwa wa chumba cha mwisho wa ghala, ambacho alikifungua mara moja kwa mwezi kupangusa vumbi juu ya makasha ya vitabu. Yeye alikijua kama stoo. Lakini ukutani mle mlikuwa na vigae vyeupe, na nyuma ya makasha kulikuwa na bomba. Na mlangoni, chini ya rangi ya kijivu iliyopakwa mkono mmoja wa haraka, siku zote alikuwa akiona doa ambalo halikutoka hata akilisugua. Sasa alilijua. Lilikuwa mchoro wa mwanamke aliyevaa sketi.

Aibu ya maiti huijua mwosha. Mama Pacha alizikunja barua akazirudisha.

"Wifi, Alhamisi saa nne uwe getini. Uje na cheti, na vile viatu vyako vya kazi."

"Nije kukupigia makofi?"

"Njoo tu. Nimeshawahi kukuomba nini mimi?"

Chuma alifikiri. "Hakuna. Ni mimi tu ninayeomba chumvi."

*

Alhamisi kiwanda kiling'aa, maana Mama Pacha na wenzake waliingia saa kumi na moja alfajiri kukisugua, kisha wakaambiwa wajifiche. Yeye peke yake alivalishwa bluu. Mgeni alikuja saa nne kamili: mwanamke mnene wa makamo, nywele fupi nyeupe, viatu bapa vya mtu anayetembea sana, na pembeni yake mkalimani wa kike. Meneja alimzungusha huku akitokwa jasho kwenye ghala lenye feni sita.

"Na huyu," alisema Meneja, "ndiye dereva wetu."

Mgeni alimshika Mama Pacha mikono yote miwili. Mkalimani akatafsiri: "Anasema ameiweka picha yako mezani kwake. Anasema siku kazi ikimchosha anaitazama."

Hilo Mama Pacha hakulitegemea. Mgeni angekuwa mtu wa kiburi ingekuwa rahisi. Alipanda kwenye mashine, akafunga mkanda kama alivyofunzwa, akashusha meno mpaka chini. Breki, nyuma ya nguzo yake, aliinua kidole gumba. Mpaka hapo Mama Pacha alikuwa bado hajaamua. Kichwani alikuwa na goti la Bibi, na ile kadi, na jina lake lililochapwa vizuri. Mita tano. Alishika ufunguo wa mashine.

Akageuza shingo. Kulia alimwona Meneja, anatabasamu. Kushoto alimwona mgeni, ameinua simu kupiga picha. Akageuka nyuma, na kupitia mlango mpana wa ghala aliliona geti, na getini, karibu na mlinzi, mtu amesimama na viatu vya kazi na bahasha kifuani, chini kabisa ya bango.

Hapa nani atagongwa? Alimwona waziwazi.

Mama Pacha alifungua mkanda akateremka.

"Naomba samahani. Mimi siendeshi. Mimi ni mfagizi. Jumanne nilijaribu, nikaangusha makasha arobaini."

"Anatania!" Meneja akadakia. "Mama huyu ana utani sana!"

Mkalimani alimtazama Meneja, akamtazama Mama Pacha, akatafsiri vyote viwili, na utani na makasha. Mgeni alishusha simu taratibu. Uso wake ulibadilika, na Mama Pacha alimhurumia kweli, kwa sababu hakuna kitu kibaya kama kugundua kwamba umekuwa ukifarijiwa na uongo.

"Lakini dereva yupo," akaongeza haraka. "Mwanamke. Ana cheti. Yuko pale getini."

Chuma aliitwa. Aliingia ghalani bila kumtazama mtu, akaizunguka mashine mara moja akikagua matairi, akatoa kitambaa mfukoni akafuta kioo cha pembeni. Akapanda, akafunga mkanda, akageuza shingo kulia, kushoto, nyuma. Kisha akachukua mzigo wa sabuni wenye urefu wa mtu na nusu, akaupitisha katikati ya nguzo mbili ambazo Breki mwenyewe alizipa heshima, akaupandisha rafu ya tatu, akauweka. Haukutoa sauti. Ulitua kama mtoto aliyelala anavyowekwa kitandani.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Breki. Halafu ghala lote likalipuka.

"Kwa nini huyu hafanyi kazi hapa?" Mgeni akauliza.

Meneja alikuwa na jibu tayari, la miaka mitatu. "Tungemchukua kwa mikono miwili! Ni mazingira tu. Ghala hili kwa bahati mbaya halina choo cha wanawake."

"Lina," alisema Mama Pacha.

Alitoa funguo kiunoni, akatembea mpaka mwisho wa ghala, na msafara wote ukamfuata kama vifaranga. Akatafuta uzi mwekundu, akazungusha, akavuta mlango. Makasha yaliyokuwa yameegemea mlango, ambayo kila mwezi aliyazuia kwa bega, safari hii aliyaacha yakamwagika nje miguuni pa wageni, na ndani yake vitabu vidogo, mamia kwa mamia, jalada linang'aa: MAADILI YETU. Juu ya rundo ikateremka baiskeli ya mazoezi ya Meneja. Na nyuma ya vyote hivyo, ikichungulia kwa haya, ilikuwa sinki moja nyeupe ya choo.

Gurudumu la baiskeli liliendelea kuzunguka peke yake.

Mgeni aliinama akaokota kitabu kimoja, akapangusa jalada kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Umekisoma?" alimuuliza Mama Pacha kupitia mkalimani.

"Hapana. Sisi wa wakala hatupewi," alijibu. "Sisi tunavipangusa tu."

*

Isije ikadhaniwa kwamba siku ile ile mbingu zilifunguka. Jioni Nyapara alimpokonya Mama Pacha funguo, akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa, na alipumzika siku kumi na mbili, siku ambazo Kinyozi alinyoa watu kwa upole usio wa kawaida na bila chumvi hata punje. Bibi alisema goti lake limepona kabisa, na alikuwa anadanganya. Chuma aliosha magari mpaka jioni na kila siku alirudi na unga. "Mwambieni mama yenu," aliwaambia pacha, "asipokula namlisha kwa mwiko wa gia."

Siku ya kumi na tatu barua zilikuja mbili. Ya Chuma ilisema aripoti ghalani, majaribio miezi mitatu. Ya Mama Pacha ilikuwa ndefu zaidi na ilizunguka sana, lakini Kinyozi aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wanne na maana yake ikatoka: wafagizi wote tisa watachukuliwa na kampuni yenyewe, kwa hatua. Hatua ya kwanza, kadi na kantini. Mshahara utafuata, unashughulikiwa. Meneja alikuwa amehamishiwa tawi jingine, na tangazo ukutani lilimshukuru kwa mchango wake katika maadili.

"Kwa hatua," alisema mteja mmoja. "Ngazi zenyewe ngapi?"

"Hata iwe mia," Kinyozi akamjibu, chumvi imerudi yote, "dada yangu atazipanda kwa foklifti."

Bango lilishushwa. Mlinzi alimpa Mama Pacha aende nalo, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuliweka, na Bibi akaliomba likatandikwa juu ya paa lilipokuwa likivuja, uso chini. Nyumba ikawa kavu. Na siku Chuma alipopewa mapumziko ya kwanza, yeye na kaka yake walilisukuma lile kabati kwa mabega. Pete ilikuwapo.

Choo cha ghala kilifunguliwa Jumatatu. Mama Pacha ndiye aliyekisugua, siku mbili, mpaka vigae vikarudisha sura yake. Mchoro wa mlangoni ulipakwa upya. Saa nne, wakati wa mapumziko, Chuma alizima mashine akaja na kofia yake ya njano, akasimama mlangoni. Ilitakiwa yeye ndiye akizindue, hata meneja mpya alikuwa amesema hivyo.

"Ingia," alisema Mama Pacha, akimpa ufunguo wenye uzi mwekundu.

Chuma aliutazama ufunguo, akautazama uzio kule nje, na kile choo cha walinzi nyuma yake. Akaurudisha kwenye kiganja cha wifi yake, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake vigumu.

"Vyoo kumi na kimoja, miaka minne," alisema. "Tangulia wewe."

Mama Pacha aliingia, akafunga kwa ndani. Palinukia waridi. Kusema kweli hakuwa amebanwa hata kidogo. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akatazama vigae alivyovisugua mwenyewe, na machozi yakamtoka huku anacheka, pengo na kila kitu.

Mlango ukagongwa. "Wifi! Umelala? Mimi mwenzio nimebanwa kweli!"

"Piga foleni," alijibu Mama Pacha kutoka ndani. "Hii ni kampuni ya kimataifa."

Akavuta maji, ingawa hapakuwa na cha kusukuma. Akangoja tangi lijae, akayavuta tena, ayasikie.